Penseli Darini: Miaka Yangu ya Kudai Haki ya Fleti Mjini Pune

Juni 2019, katika ofisi ya mauzo ya bilda wetu, yaani mwenye mradi aliyetujengea na kutuuzia fleti, niliwekewa mezani sahani ya shaba yenye funguo mbili, nazi na boksi la peremende. Pembeni ya sahani palikuwa na barua ya kurasa mbili. Kijana aliyenikaribisha alikuwa ameshaifungua ukurasa wa pili, kalamu imetegeshwa juu ya mstari wa sahihi. Nikaurudisha ukurasa wa kwanza nikaanza kusoma. Aya ya saba ilisema kwamba nimekagua fleti, nimeridhika nayo, na sina dai lolote, la sasa wala la baadaye, dhidi ya mwenye mradi.

Mimi nilikuwa na dai. Fleti ile ilikuwa imechelewa karibu miezi 30, na miezi yote hiyo tulikuwa tukilipa kodi ya nyumba ya kupanga kwa mkono mmoja na mkopo wa benki kwa mkono wa pili.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Pune, huku India, nimeletwa na ndoa. Mwaka 2014 mimi na mume wangu tulisajili mkataba wa fleti ya vyumba viwili vya kulala kwa rupia laki 58. (Laki ni ileile yetu ya 100,000; neno lenyewe tulilipata kwao.) Mkataba ulitaja siku ya kukabidhiwa: 31 Desemba 2016. Nawaandikia ndugu zangu wanaoishi India, na wale wanaotuma pesa ili jamaa zao wanunue nyumba huku, kwa sababu nimeona watu wenye haki kamili wakishindwa kwa kupeleka kesi nzuri mahali pasipohusika, au kwa kufika wakati karatasi zimeshapotea.

Kwa upande wa karatasi, mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa benki, aliyenunua fleti ghorofa moja na sisi. Sote tulimwita Kaka. Kwa Kimarathi kaka ni baba mdogo, si ndugu wa kiume kama kwetu, na mwanzoni mama yangu alishangaa kwenye simu nikimweleza kwamba Kaka ana miaka 68. Yeye aliniita bhabhi, yaani shemeji. Alikuwa na faili la kijani lenye kila risiti, kila tangazo la mradi lililotoka gazetini, kila barua pepe ameichapisha. Mazungumzo ya simu na bilda aliyafuata na barua pepe siku hiyohiyo: "Kama ulivyoniambia leo saa tano asubuhi, mtakabidhi mwezi wa Machi." Nikawa namwiga.

Desemba 2016 ikapita. Tukaambiwa ni noti zilizofutwa na serikali tarehe 8 Novemba mwaka ule, kwamba mafundi hawalipiki. Baadaye ikawa mchanga umeadimika. Baadaye ikawa kibali cha manispaa. Tukazungushwa hivyo mpaka sheria mpya ya kudhibiti biashara ya nyumba, ambayo India nzima huiita RERA, ilipoanza kufanya kazi kikamilifu tarehe 1 Mei 2017. Miradi iliyokuwa bado inajengwa, isiyo na cheti cha kukamilika, ililazimika kusajiliwa kwenye mamlaka ya jimbo. Kwetu Maharashtra mamlaka hiyo ni MahaRERA. Bilda wetu akasajili, na kwenye fomu akajaza tarehe yake mpya: Desemba 2019.

Hapo ndipo majirani wengi walipokata tamaa. Walidhani serikali imempa miaka mitatu ya bure. Lakini mwezi Desemba 2017 Mahakama Kuu ya Bombay, katika kesi ambayo mabilda waliipinga sheria yenyewe, ilisema wazi kwamba tarehe mpya ya usajili haifuti ile ya kwenye mkataba. Kuchelewa kunahesabiwa kuanzia ahadi aliyopewa mnunuzi. Kaka aliuchapisha ukurasa huo, akaupigia mstari kwa kalamu nyekundu, akapita nao mlango kwa mlango. Walioitikia walikuwa wanne tu.

Kifungu cha 18 cha RERA ndicho kilichotubeba. Bilda akishindwa kukabidhi kwa tarehe ya mkataba, mnunuzi ana njia mbili. Anaweza kujitoa akarudishiwa pesa zake zote pamoja na riba, au anaweza kubaki na kulipwa riba ya kila mwezi wa kuchelewa mpaka siku ya kukabidhiwa. Uchaguzi ni wa mnunuzi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilikuja kusema kwamba haki ya kurudishiwa pesa haina masharti wala haitegemei visingizio. Sisi tulibaki, kwa kuwa bei za nyumba za jirani zilikuwa zimepanda na pesa ya kurudishiwa isingetununulia kitu cha ukubwa ule.

Malalamiko tuliyapeleka mtandaoni mwaka 2018, ada rupia 5,000, bila wakili. Sheria inamruhusu mlalamikaji asimame mwenyewe. Kwanza tulijaribu meza ya usuluhishi ambayo MahaRERA ilikuwa imeifungua mwaka uleule. Bilda alituma karani asiye na mamlaka ya kuamua lolote, tukaondoka mikono mitupu. Kwenye usikilizwaji wenyewe nilitetemeka mpaka nikashikilia kiti. Wakili wa bilda alizungumza kirefu kuhusu noti na mchanga. Kaka alisimama akasoma kifungu cha 6, kinachotaja mambo ambayo sheria inayakubali kuwa nje ya uwezo wa bilda: vita, mafuriko, ukame, moto, kimbunga, tetemeko la ardhi au janga jingine la asili. Akaketi. Noti hazimo. Mchanga haumo.

Amri ilitoka mapema 2019: tulipwe riba kuanzia 1 Januari 2017 hadi siku ya kukabidhiwa. Kwa kanuni za Maharashtra, riba hiyo ni kiwango cha juu cha mikopo cha Benki ya Taifa ya India kuongeza asilimia 2, na kwa wakati ule ilifika asilimia 10 na ushei. Tulikuwa tumeshalipa laki 52, kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa na thamani ya zaidi kidogo ya rupia 45,000. Niliporudi nyumbani nilipika pilau nikawaita majirani wote wanne na familia zao.

Nilishangilia mapema. Amri ni karatasi, na kuigeuza pesa ni kazi nyingine, ambayo hakuna aliyenieleza. Bilda akakata rufaa. Sheria inamtaka bilda anayekata rufaa aweke kwanza pesa yote aliyoamriwa kumlipa mnunuzi, na riba yake, ndipo rufaa isikilizwe. Hakuweka, rufaa ikatupwa. Bado hakulipa. Ndipo tukaomba hati ya kukusanya deni. Deni la namna hii hukusanywa kama kodi ya ardhi iliyolimbikizwa: hati inapelekwa kwa Kolekta, mkuu wa utawala wa wilaya, naye anaishusha kwa tahasildari, afisa aliye chini yake, ambaye ana uwezo wa kukamata mali na kuipiga mnada. Hati yetu ilifika kwa Kolekta, kisha korona ikafunga kila kitu. Ofisi zilipofunguliwa nikawa naenda kila Jumanne. Nilijifunza jina la karani, zamu yake ya chai na rafu ambamo faili letu lilikuwa limelala. Kilichosaidia mwishowe ni orodha tuliyoiandaa wenyewe ya fleti ambazo bilda hajaziuza, na namba zake, kutoka kwenye ukurasa wa mradi katika tovuti ya MahaRERA, ambako kila bilda analazimika kutangaza alichouza na alichobakiza. Tahasildari hakuhitaji tena kutafuta cha kukamata. Notisi ilipobandikwa kwenye milango ya fleti mbili, tulilipwa ndani ya wiki tatu. Mwaka ulikuwa 2021.

Nirudi kwenye sahani ya shaba. Kama ningetia sahihi ile aya ya saba, bilda angekuja nayo mbele ya kila afisa. Nikaandika kwa mkono wangu chini ya barua: "Nimepokea funguo. Madai yangu ya kuchelewa na ya kasoro yanabaki palepale." Yule kijana akasema barua haikubali maandishi ya ziada. Nikamwambia basi tutatumia barua yangu, nikaitoa mkobani, nakala mbili. Alitoka nje kupiga simu, nikakaa na nazi yangu karibu nusu saa. Aliporudi alitia muhuri. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, katika kesi ya wanunuzi wa fleti za Bengaluru, iliamua kwamba mtu aliyepokea nyumba yake hajapoteza haki ya fidia ya kuchelewa, na kwamba bilda hana ruhusa ya kumlazimisha achague kati ya funguo na dai lake. Hata hivyo, wewe andika. Mwenye karatasi hubishana dakika tano, asiye nayo hubishana miaka.

Jambo jingine kabla ya kuzigusa funguo: uliza cheti cha ruhusa ya kukaa, kile manispaa inachokitoa jengo linapokaguliwa. Familia tatu zilishawishika kuingia mapema kabla cheti hakijatoka, "muanze kuweka makabati tu." Maji ya bomba yalikuwa hayajaunganishwa. Waliishi kwa maji ya lori miezi saba, na kila walipolalamika waliambiwa mbona mmeshahamia.

Si lazima kila mtu apite RERA. Mpwa wake Kaka, mwenye mgogoro kama wetu katika mradi mwingine, alikwenda tume ya walaji chini ya sheria ya 2019, na Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2020 kwamba RERA haikuifunga njia hiyo. Kule unaweza kudai pia fidia ya usumbufu na maumivu ya moyo ndani ya shauri hilohilo. Kiwango cha pesa uliyolipa ndicho kinachoamua ngazi: kwa kanuni za mwishoni mwa 2021, hadi laki 50 unakwenda tume ya wilaya, kupita hapo hadi rupia milioni 20 ni ya jimbo, na zaidi ya hapo ni ya taifa. Muda wa kushtaki ni miaka miwili tangu sababu ya dai ilipozuka. Na bilda akifilisika ni habari tofauti kabisa: tangu 2018 wanunuzi wanahesabiwa miongoni mwa wadai wa kifedha, ila tangu 2020 ni lazima wajikusanye 100 au asilimia 10 ya wanunuzi wa mradi mmoja ndipo waende mahakama ya ufilisi. Hapo mtu mmoja peke yake hawezi kitu.

Nilidhani bilda akishalipa tutapumua. Kumbe baada yake kuna sosaiti, yaani chama cha ushirika cha wenye fleti, ambacho ndicho husimamia jengo, hukusanya michango na huandikwa chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya Maharashtra ya 1960. Ugomvi na bilda unaumiza mfuko. Ugomvi wa sosaiti unakukuta kwenye lifti, asubuhi, na mtoto mkononi. Kamati yetu ya kwanza ilikuwa ya watu wema waliochoka, na hesabu za mwaka hazikusomwa. Mkutano mkuu unatakiwa ufanyike kabla ya 30 Septemba kila mwaka. Oktoba ikafika bila mkutano. Jirani mmoja aliyepangisha fleti yake akatozwa ada ya kutoishi mwenyewe kiasi walichojipangia, wakati serikali ya jimbo ilishaweka kikomo tangu 2001: isizidi asilimia 10 ya gharama za huduma.

Jirani huyo alikasirika akaacha kulipa michango yote. Nilimsihi, na mumewe akanisaidia kumsihi, asifanye hivyo. Aliona ndiyo silaha yake. Kumbe sheria inaipa sosaiti njia ya haraka ya kukusanya michango kwa hati ya msajili wa vyama vya ushirika, na deni linaota riba ambayo kwa kanuni za mfano za sosaiti za wakati ule iliweza kufika asilimia 21 kwa mwaka. Kutoka kuwa mwenye haki ya kudai alichotozwa zaidi, akageuka mdaiwa sugu, jina lake limebandikwa kwenye ubao wa chini. Mimi nililipa kila mwezi, na kila mwezi niliambatisha barua ya mistari miwili: nalipa, sikubaliani na kipengele hiki, naomba hesabu. Meneja alipokataa kugonga muhuri wa kupokea, nikatuma kwa posta ya rejista yenye kadi ya kurudi. Kadi kumi na moja za kijivu zilizogongwa mihuri ndizo nilizoziweka mbele ya naibu msajili. Aliiandikia kamati barua moja tu, na hesabu zikatolewa. Ile ada ya kupangisha ilipunguzwa mkutano uliofuata.

Hapo nilijifunza pia mipaka ya ofisi ile. Naibu msajili anaweza kuwasukuma watoe nyaraka, waitishe mkutano, wafanye uchaguzi. Mgogoro wenyewe, mathalani uamuzi wa mkutano unaoupinga, unakwenda mahakama ya ushirika chini ya kifungu cha 91. Nimemwona mtu akikaa miezi 14 akingoja msajili amwamulie jambo ambalo msajili hana uwezo nalo.

Sasa dari. Sisi tuko ghorofa ya juu kabisa. Julai 2022, masika ya Pune yamepamba moto, niliona doa la unyevu juu ya kitanda cha mwanangu, dogo kama kisahani cha kikombe. Nikapanda ngazi na penseli nikaufuata ukingo wake, nikaandika tarehe pembeni. Siku nne baadaye lilikuwa limevuka mstari; nikachora mwingine, nikaandika tarehe. Mwisho wa Agosti kulikuwa na mistari tisa, mmoja ndani ya mwingine, kama miviringo ya gogo la mti, na rangi ilikuwa inabanduka vipande vipande ikiangukia shuka.

Kamati ikasema ni kazi ya bilda. Bilda akasema wakazi ndio waliotoboa paa walipofunga mitambo ya maji moto ya jua. Mimi katikati na ndoo. Kwa kanuni za mfano za sosaiti, kuvuja kwa paa ni gharama ya sosaiti na si ya mwenye fleti. Kwa RERA, kifungu cha 14, kasoro ya ujenzi au ya ubora wa kazi ikijulishwa ndani ya miaka mitano tangu kukabidhiwa, bilda anairekebisha ndani ya siku 30 bila malipo. Miaka mitano yangu ilikuwa inakwisha Juni 2024. Nikaandika barua mbili siku moja, moja kwa kila mmoja, kila moja ikitaja nakala ya mwenzake.

Kaka akashauri tuchangishane tumlete mhandisi. Alifunga matundu ya maji ya paa, akajaza maji kina cha vidole vitatu, akayaacha saa 48, akapima. Kisha akaingia chumbani, akatazama juu, akapiga picha mistari ya penseli moja baada ya nyingine. Ripoti yake ilionyesha kwamba mitambo ya jua iko upande wa mashariki, na maji yanapita upande wa magharibi, mahali ambapo tabaka la kuzuia maji halikufikishwa hadi ukutani. Hatukufika hata kwenye usikilizwaji. Mafundi wa bilda walikuja Novemba, wakavunja paa upande ule, wakaanza upya.

Mchana mmoja Agosti ileile, tarehe 28, tulikuwa tumejazana kwenye sebule ya Kaka tukitazama minara miwili ya Noida, karibu na Delhi, ikiangushwa kwa baruti, majengo ya karibu mita 100 yakishuka kwa sekunde chache. Wakazi wa majengo jirani ndio walioshtaki, tangu 2012, kwamba minara ile imepandishwa kwenye eneo lao na bila ridhaa yao, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nao Agosti 2021. Vumbi lilipofunika skrini Kaka alizima sauti akauliza: ardhi iliyo chini yetu sisi imeandikwa jina la nani?

Hakuna aliyejua. Kesho yake tukajua: la bilda. Kila mmoja wetu alikuwa na fleti yake iliyosajiliwa, tukaamini tumemaliza. Lakini sheria ya fleti ya Maharashtra ya 1963 inamtaka bilda aihamishie sosaiti jengo pamoja na ardhi, na mpaka afanye hivyo, haki ya ujenzi iliyobaki kwenye kiwanja yeye ndiye anayeishikilia. Kona ya nyuma, ambako watoto huchezea kriketi, kwenye ramani iliandikwa "upanuzi wa baadaye." Kwa bahati njema, kwa marekebisho ya 2008 sosaiti haimngoji bilda aje kutia sahihi. Inapeleka maombi kwa naibu msajili wa wilaya, bilda anaitwa ajieleze, na akikosa sababu, afisa anatoa cheti kinachosimama badala ya sahihi yake. Tulikusanya mikataba ya kila fleti, ramani zilizoidhinishwa, cheti cha kukaa, orodha ya wanachama. Fleti sita zilikuwa zimeshauzwa tena na wenye mikataba ya awali wako Dubai na Toronto. Yule jirani wa ada ya kupangisha, aliyekuwa ameshamaliza deni lake, ndiye aliyewatafuta wote sita kwa simu usiku.

Cheti kilitoka 2023. Kusajili na kubadilisha kumbukumbu za ardhi kulichukua karibu mwaka mwingine. Ile karatasi ya ardhi huku wanaiita satbara, "saba na kumi na mbili," kwa namba za fomu zake mbili za zamani za kijiji. Nilikwenda kuichukua na Kaka, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo. Alivua miwani, akaisogeza karatasi karibu na dirisha, akafuata kwa kidole mpaka kwenye jina la sosaiti yetu, akalisoma mara mbili kwa sauti. Kisha akamwomba karani nakala tatu zenye muhuri, na moja akaitoboa palepale juu ya kaunta, akaiweka ndani ya faili la kijani.